Risiva ya Karani Inavyojizima

Haya alinisimulia Mama Risasi mwenyewe, siku ya tatu tangu yatokee, tumekaa upenuni kwangu tunachambua maharage. Alikuja kunirudishia pasi yangu ya umeme, akanikuta na sinia zima mbele yangu, akavuta kigoda. Mikono ilipopata kazi, na mdomo ukafunguka.

Hiyo risasi anayoitiwa si ya bunduki. Ni ule uzi laini wa madini ambao mafundi redio huuyeyusha kwa chuma cha moto ili kugandisha nyaya mahali pake. Kazi hiyo aliianza kwa kumshikia mumewe tochi, akaishia kumpita. Mume akaona aibu kidogo, halafu akaona raha, akaenda zake kulima bustani. Sasa ni mwaka wa ishirini na sita mama huyo yuko peke yake katika chumba chake kati ya kinyozi na mshona viatu, amezungukwa na redio zilizofunuliwa matumbo.

Ana utaratibu wake ambao haubadilishi hata kwa dawa. Kitu kikifika mezani, kabla hajakiuliza kinaumwa nini, hukisafisha. Ana brashi ya rangi iliyokatwa nywele, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi kwenye pembe ambazo brashi haifiki. "Mimi sizungumzi na mgonjwa mchafu," husema. Kikishang'aa ndipo anapofungua skrubu.

Asubuhi hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameinua dirisha, muuza nyama akaingia amekumbatia mzigo uliofungwa kwa blanketi la mistari myeupe.

"Hodi! Mama Risasi, maiti yako imefufuka tena. Inakuulizia."

"Iweke hapo juu, na domo lako uliache kwa kinyozi alinyoe."

"Mimi domo langu lina kosa gani? Si mimi niliyeitengeneza mara tatu."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Ndani ya blanketi ilikuwemo risiva ya Karani, na hiyo ilikuwa mara ya nne kuiona.

Niseme risiva ni nini, kwa wale waliozaliwa juzi. Ni ile mashine pana, nzito, inayokaa katikati ya vyombo vya muziki. Redio imo ndani yake, kicheza kaseti kinaungwa kwake, nayo ndiyo inayosukuma sauti kwenye spika mbili kubwa. Bila yeye, hivyo vingine ni makasha tu.

Na Karani ni baba mkubwa wa huyu muuza nyama. Alikuwa karani wa mizigo mpaka alipostaafu, na mdomo wake ulijulikana stesheni nzima. Akianza kubishana na wewe asubuhi juu ya gunia moja, jioni utamkuta bado anakubishia, na gunia lilishasafiri. Basi miezi mitano iliyopita kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, anatembea kwa fimbo. Mkono nao ulirudi nusu. Maneno ndiyo yaliyokwenda moja kwa moja. Lilibaki moja tu: kesho. Ukimuuliza ana njaa, kesho. Ukimuuliza kama mvua inanyesha, kesho, huku analengwa na machozi kwa hasira, maana kichwani anajua kabisa anachotaka kusema.

Mpaka siku moja mkewe alipoweka kaseti ya zamani, ili nyumba isiwe kimya tu. Yuko jikoni anaosha sufuria, akasikia nyuma ya mwimbaji kuna mtu wa pili. Akaja mbio na povu mikononi. Ni mumewe, anaimba, na maneno yote yamo, hakuna hata moja lililovunjika.

Nesi wa mazoezi alipoelezwa hakushangaa. Alisema hutokea, kwamba maneno ya nyimbo yana mlango wao, basi waingilie huohuo. Mzee aimbe kila siku, aimbe kwa saa nyingi, na wasilale, kwa sababu miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikishapita, kinachobaki ndicho kilichobaki.

Hapo ndipo risiva ilipoanza ukorofi. Mzee yuko katikati ya wimbo, inasikika tak! ndani ya mashine, na kimya. Naye hukatika hapohapo na neno lake mdomoni, kama kwamba wameungwa waya mmoja.

"Jana imejizima tena," muuza nyama alisema, na safari hii hakutania. "Baba mkubwa amegeuza kiti, kaangalia ukuta. Mama mkubwa kamwekea nyimbo zilezile kwenye simu yangu, wapi! Hata hakufumbua mdomo. Mama mkubwa anasema, ikirudi hivyohivyo, basi, hamsumbui tena mzee wa watu. Kila ikikatika inamrudisha nyuma wiki nzima."

Mama Risasi alishika brashi.

Alianza, kama kawaida yake, na matundu ya juu ya kifuniko. Yalikuwa yameshika manyoya ya nyuzi nyeupe. Akayafagia, akapuliza kwa pampu, nyuzi zikaruka kama vifaranga.

"Na hili blanketi lako linanyonyoka kama kuku mwenye kideri. Kila ukija naokota pamba."

"Blanketi la marehemu bibi hilo, liheshimu."

"Nenda kauze nyama."

Akabaki na mashine. Akaanza kujiuliza upya, tangu mwanzo. Ile tak aliijua vizuri. Ndani kuna kiswichi kidogo cha ulinzi. Mashine ikihisi hatari, kiswichi hicho hujikata chenyewe ili spika zisiungue. Kwa hiyo mashine haikuwa mbovu kwa kujizima. Ilikuwa inakimbia kitu. Kitu gani?

Mara ya kwanza alikuta uzi mmoja wa waya wa spika umechomoza ukamgusa jirani yake. Akaukata, akasokota ncha upya, akaona amemaliza. Ikarudi. Mara ya pili akafungua kiswichi chenyewe, akakuta meno yake meusi kama ya mvuta tumbaku, akayasugua mpaka yakang'aa. Ikarudi. Mara ya tatu akapitia mishono yote ya risasi kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akayeyusha upya kila mshono alioutilia shaka, akabadilisha na vikopo viwili vya kuhifadhi umeme vilivyovimba vichwa. Aliiwasha kutwa nzima ikaimba haikupepesa. Akaikabidhi kwa kifua mbele. Ikarudi.

Na leo? Aliiwasha saa mbili asubuhi, akaifunga kwenye spika zake za majaribio, akaiacha iimbe. Saa tatu. Saa nne. Kinyozi akaja kulalamika kwamba wateja wake wanatikisa vichwa anawakata masikio. Saa tano. Saa sita. Haikujizima ng'o.

Mama Risasi akashika tama. Angeona ubaya, angefurahi. Mashine inayougua mbele yako unaitibu. Hii inayofika kwako ikatabasamu, ikirudi kwao inazimia, utaikamatia wapi?

Hapo akasimama. Ikirudi kwao! Miaka ishirini na sita amezoea wagonjwa waletwe. Nyumbani kwa Karani hajawahi kutia mguu.

Alimwita muuza nyama dirishani. "Njoo uibebe. Twende wote."

"Wapi?"

"Kwao. Hii inaumwa kwao tu."

"Ala! Fundi anakwenda kumtazama mgonjwa. Basi beba na machungwa."

*

Nyumba ya Karani ina sebule ndogo iliyopigwa deki mpaka unaona aibu kukanyaga. Spika mbili zimesimama pembeni, kila moja juu ya stuli yake. Katikati kuna meza imara ya mbao, na nyuma yake upana wa kiganja mpaka ukutani, hewa inapita. Fundi aliona hayo yote kabla hajamwona mzee, ambaye alikuwa kwenye kiti cha mikono, uso ukutani, mgongo kwa dunia.

"Shikamoo, baba."

"Kesho," mgongo ulijibu.

"Ndiyo marahaba hiyo, mwanangu," mke wa Karani alisema. "Pokea tu, usisubiri nyingine."

Ni mama mfupi, mkavu, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, maana mzee huamka usiku mara nne, na mara zote nne ni yeye wa kumwinua. Muuza nyama aliweka mashine mezani, akachukua blanketi lake, akarudi buchani. Mke wa Karani akasogea pembeni, mikono kifuani, akamwachia fundi nafasi. Hakutaka kuingilia kazi ya mtu.

Mama Risasi akaanza. Akatoa mita, akapima umeme ukutani. Mzuri, hautetemeki. Akapima spika moja, akapima ya pili, sawasawa. Akafuata nyaya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta panya alipong'ata. Hakuna. Akaunga kila kitu, akaweka kaseti, akakaa kwenye mkeka na kungoja.

Kaseti ikaimba upande mmoja. Akaigeuza, ikaimba wa pili. Mzee hakugeuka. Karibu saa moja na nusu ikapita, na mashine inaimba kwa adabu zote.

"Mbele yako inajifanya njema," mke wa Karani alinong'ona. "Kama mtoto mbele ya mwalimu."

Mama Risasi alijisikia uzee. Alianza kurudisha bisibisi mfukoni moja moja, taratibu, akitafuta maneno. Alitaka kusema, mama, nimeshindwa, ipelekeni kwa fundi mwingine. Sentensi hiyo hajawahi kuisema.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama. Yaani..."

"Basi ngoja nimfunike."

Akafungua kabati. Akatoa taulo jeupe lililokunjwa, akalitandika juu ya mashine. Akatoa shuka, akalikunja mara mbili, akalipandisha juu ya taulo, akachomeka kingo huku na huku kama unavyomfunika mtoto mwenye homa. Mwisho akatoa kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri, cha kazi ya miezi, akakilaza juu ya vyote, akapapasa kikatulia.

Mashine ilikuwa imewashwa. Ilikuwa inaimba chini ya hayo yote.

Mama Risasi alibaki na bisibisi hewani. "Mama. Huwa unaifunika ikiwa inaimba?"

"Nimfunike lini tena? Vumbi si linaingia wakati kafungua mdomo?"

"Siku zote?"

"Zamani nilikuwa naweka kitambaa tu, na mzee alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, basi. Lakini tangu augue, nikasema hiki ndicho kitu pekee kinachomtoa neno. Kikifa hiki, tumekwisha. Nikaongeza shuka. Kilipoanza kuzimika nikaona vumbi limezidi, nikaongeza na taulo." Akashusha sauti. "Nikimpeleka kwako namfunua, nafua vyote, akirudi anavikuta safi."

Mama Risasi alilitazama lile taulo. Zile nyuzi nyeupe! Mara nne mfululizo zilikuwa zimemkalia hapo juu ya matundu, zinamwambia, na mara nne amezifagia, akazipulizia mbali kwa pampu ya baiskeli, akamsingizia bibi wa watu na blanketi lake. Kabla hajamuuliza mgonjwa neno, alikuwa anamfuta mdomo.

Akawaza upesi. Angeweza kusema ni waya, akagusa kitu kimoja nyuma, akaongeza kwa upole kwamba siku hizi mashine hazifunikwi, ndivyo watu wanavyopenda. Mama wa watu asijue kitu, alale salama. Lakini asiyejua sababu, siku vumbi litakapomkera ataifunika tena. Na kumwambia wazi, kwamba mikono yako hii ndiyo iliyokuwa inamkata mumeo maneno? Mdomo gani unatamka neno kama hilo?

Akakaa tena mkekani. "Iache ilivyo, mama. Kaa hapa na mimi."

Wakakaa. Wimbo mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipofika kati, kutoka chini ya taulo na shuka na kitambaa: tak! Kimya.

Mgongo wa mzee ulinyong'onyea. "Kesho," alisema, polepole, kwa ukuta.

Mama Risasi aliuchukua mkono wa mama, akauingiza chini ya nguo, akauweka juu ya kifuniko. Mama akaurudisha haraka kama aliyeshika sufuria.

"Moto!"

"Matundu haya ya juu ndiyo pua zake. Anapofanya kazi anapata joto, joto linatokea hapa. Lisipotoka, anajizima mwenyewe asiungue."

Mke wa Karani alitazama mashine. Akatazama kitambaa. Akatazama mgongo wa mumewe, na fundi akaona neno linamfikia mahali pake.

"Ni mimi."

"Ni sisi wawili, mama. Wewe uliziba, mimi nikafuta alama. Nyuzi za vitambaa vyako nimeziona mara nne kwa macho yangu haya, sikuuliza. Ningeuliza mara ya kwanza, mzee asingekatika mara nyingine zote hizi."

"Usinipoze, mwanangu. Miezi hii ya kuhesabu, na mimi namziba mume wangu mdomo. Kwa taulo!"

Sauti ilimpasuka kwenye neno hilo. Na hapo wakasikia mlio, kama maji yanayotafuta njia kwenye bomba. Wote wawili wakageuka. Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Mama Risasi alidhani analia, akainuka nusu. Lakini mzee aligeuza kiti, kidogo kidogo, kwa mguu mzima, mpaka uso ukaonekana. Alikuwa anacheka mpaka mate yanamtoka. Aliinua mkono wake wa nusu, akamnyooshea mkewe kidole, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Unacheka!" mama alifoka, machozi yanatiririka. "Najua unachosema. Unasema miaka arobaini na mbili nilikuwa nakuomba ufunge mdomo, sasa nimepata njia."

"Kesho!" mzee alipiga paja. "Kesho, kesho!"

"Mwone! Hana neno hata la kuombea maji, lakini la kunisimanga analo."

Wakavunjika mbavu wote watatu, na fundi alikuwa wa mwisho kunyamaza, kwa sababu yeye alikuwa anacheka na aibu yake pia.

Lakini kicheko si wimbo. Mashine ilihitaji kupoa. Wakanywa chai, wakaiacha wazi. Mama Risasi akaeleza, akarudia, akamtaka mama naye amweleze yeye: ikiwa imezimwa na imepoa, funika unavyotaka, hata na godoro. Ikiimba, iache uchi. Vumbi likiingia, hiyo ni kazi yangu, ndiyo maana Mungu aliumba brashi.

Kisha akaiwasha. Mzee alikuwa amewaelekea sasa, lakini midomo ameibana. Kaseti ikaimba, mkewe akaimba pia kumvuta, kwa sauti yake mbovu. Hakuna. Alikuwa anaiangalia mashine kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyekwisha kumng'ata. Fundi akaelewa. Yeye alikuwa ameshajua sababu, na mama ameshajua. Mzee bado alikuwa anangoja ile tak.

Basi wakangoja naye. Upande wa kwanza ukaisha, fundi akageuza. Walipokaribia wimbo ule ambao karibu kila siku ulikuwa unakatika, mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. Mke wa Karani hakuweza kutazama. Alichukua lile taulo, akalikunja, akalikunjua, akalikunja. Mama Risasi akaweka kiganja juu ya kifuniko. Palikuwa na joto la kawaida, kama sahani iliyowekewa mtu akiba.

Wimbo ukafika. Ukapita. Ukaja wa pili yake, nao ukapita. Wa tatu ulikuwa wa mtu anayemsihi mwenzake asitangulie barabarani. Na kwenye kiitikio, sauti nzito, yenye kutu, ikaingia kwa kuchelewa kidogo:

"...ningoje, ningoje, nifunge kamba za viatu..."

Hakuna aliyesogea. Mzee alikuwa amefumba macho. Ubeti uliofuata aliuimba wote, na mahali mwimbaji alipopumua, yeye hakupumua, alitangulia, ubishi wake wa stesheni ukiwa palepale.

"Anamkimbiza," mama alinong'ona.

"Mwache amkimbize."

Wakati fulani jua lilihama kutoka dirishani likaja mlangoni. Mke wa Karani alikuwa ameegemea spika ya kulia, taulo mapajani. Fundi alipogeuka kumwambia neno, alikuta kichwa kimeshaanguka kifuani, na spika inamtetemesha kitambaa cha kichwani bila yeye kujua. Mzee naye alimwona. Akaendelea kuimba, lakini kwa chini, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto. Nyimbo mbili, tatu. Kisha maneno yakaanza kupungua, akaruka mstari, akaruka miwili, fimbo ikateleza ikalala kwenye mkeka, naye akawa anakoroma kwa mapigo yaleyale ya ngoma.

Mama Risasi akaigeuza kaseti tena, kwa uangalifu, asiwaamshe. Alijiambia anataka kuhakikisha inaimba kwa muda wa saa mbili nzima, ndipo aondoke. Akaegemeza mgongo kwenye mguu wa meza, mkono mmoja bado uko juu ya kifuniko. Alihesabu wimbo mmoja. Wa pili aliuanza kuuhesabu, macho yakawa mazito, akasema ayafumbe mpaka utakapofika kiitikio. Hakukisikia; alishalala, na risiva inaendelea kuimba.